Madini Yanayowasha Kiberiti cha Petroli

Mtu awashapo kiberiti cha petroli, gurudumu dogo lenye meno hukwaruza kijiwe, na cheche hurukia utambi. Watu hukiita kijiwe, lakini si jiwe hata kidogo. Ni mchanganyiko wa chuma cha kawaida na madini mengine yaliyo laini, na sehemu kubwa ya madini hayo ni seriamu.

Seriamu ni mojawapo ya madini yaitwayo udongo adimu. Jina hilo si la haki, kwa maana katika miamba ya dunia seriamu hukaribia shaba kwa wingi. Taabu ni kuitenga na madini ya jamii yake, yanayofanana nayo mno. Oksidi yake ilijulikana mwaka wa 1803 katika Sweden na Ujerumani, lakini madini safi hayakupatikana mpaka mwaka wa 1875. Katika Kenya, madini ya jamii hii yamo katika kilima cha Mrima, huko Kwale.

Seriamu safi hung'aa rangi ya kijivu, nayo hukatika kwa kisu. Huyeyuka kwa digrii 795, yaani karibu nusu ya joto litakiwalo kuyeyusha chuma. Lakini tabia yake kubwa ni uroho wa oksijeni. Kutu ya alumini hushikamana na kuilinda alumini iliyo chini yake. Kutu ya seriamu hubanduka, na hewa ikaendelea kula. Kipande kidogo kikiachwa wazi huweza kuisha chote kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa sababu hiyo wakemia huihifadhi ndani ya mafuta. Tena, ikikwaruzwa kwa kisu huweza kushika moto yenyewe.

Carl Auer von Welsbach wa Austria aliona faida katika ubaya huo. Mwaka wa 1903 alichanganya madini haya na chuma, kama sehemu 30 katika mia, akapata kitu kigumu kisichowaka ovyo, ila hutoa cheche kikikwaruzwa. Ni yeye pia aliyekuwa amekwisha kutengeneza, mwaka wa 1891, kile kifuko kinachong'aa katika taa ya karabai: thoriamu sehemu 99 na seriamu sehemu moja tu. La ajabu ni kwamba seriamu ikizidi, mwanga hupungua.

Fundi anayesaga au kukata seriamu na aangalie sana vumbi lake. Likiwaka, asithubutu kulimwagia maji. Seriamu yenye moto huyanyang'anya maji oksijeni yake, ikaacha haidrojeni, ambayo nayo huwaka, na moto ukawa mkubwa kuliko mwanzo. Ndoo ya mchanga mkavu kabisa iwekwe karibu kabla ya kazi kuanza, na mchanga huo umwagwe polepole mpaka moto ufunikwe wote.