Joto si halijoto: Neno moja linavyoweza kuharibu utafiti

Juma lililopita, mwanafunzi mmoja wa fizikia alinijia na ikisiri ya tasnifu yake. Alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili na akataka niipige msasa. Sentensi yake kuu ilisema: “Joto jingi huboresha utando.” Nikamwambia, hebu tuketi. Sarufi haina ila, lakini sayansi imepotoka.

Kwanza, neno ‘utando’ linafaa. Ndilo tunalotumia kwa ile ngozi inayotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Limo katika ngeli ya U-ZI: utando huu, tando hizi. Utando wake yeye ni wa oksaidi ya titani, uliotandazwa juu ya kioo, mwembamba kuliko unywele mara mamia.

Pili, joto si halijoto. Uji ulio sufuriani na ule uliopakuliwa kikombeni sasa hivi huweza kuwa na halijoto moja, lakini sufuria ina joto jingi zaidi la kutoa. Joto ni nishati inayohama. Halijoto ni kipimo. Mtafiti hudhibiti halijoto ya kioo anapotandaza, basi na tuiite ‘halijoto ya utandazaji’.

Tatu, kitenzi ‘huboresha’. Kioo kikiwa baridi, atomu hunata pale pale zinapoangukia, shaghalabaghala. Kwenye nyuzi 300 hadi 400 hivi za Selsiasi, hupata nguvu ya kusogea na kujipanga kuwa fuwele iitwayo anatasi, inayosifika kwa kuvunjavunja uchafu ikipigwa na miale ya urujuanimno. Viwango hutegemea mbinu, ila ukipita nyuzi 600, aghalabu anatasi huanza kugeuka rutaili, fuwele yenye tabia nyingine. Isitoshe, kioo cha kawaida cha dirisha kitakuwa kimeshaanza kulegea! Na wanaonyunyizia dawa juu ya kioo cha moto wakizidisha, matone hukaukia hewani yakaanguka kama unga. Mpishi wa chapati za maji anajua: kikaangio baridi hunatisha, cha moto kupindukia huunguza.

Tukaandika upya: “Halijoto ya utandazaji huamua mpangilio wa atomu na, kwa hivyo, sifa za utando.”

“Kwani mwalimu, neno moja tu lina uzito huo?” akauliza.

Nikamjibu: “Atakayekusoma ataweka tanuri lake kwenye nyuzi 700, kwa sababu wewe ulimwambia jingi ndilo bora.”