Kodi Katika Sahani ya Mwanariadha

Miongoni mwa barua zinazoleta furaha katika nyumba za Gakoromone, na katika vitongoji vingine vya mji wa Meru ambavyo vijana wake hutoka alfajiri kufanya mazoezi ya mbio kabla soko halijachangamka, hakuna ipokewayo kwa taadhima kama ile itokayo chuo kikuu cha Marekani, ikimwarifu kijana kwamba amepewa skolashipu kamili ya riadha: karo, vitabu, malazi, chakula, na masurufu kidogo ya mfukoni. Wazazi huisoma, huisoma tena, huwaita jamaa. Na aghalabu hapatikani hata mmoja wa kuuliza swali ambalo, kwa rai yangu, lingetangulia tiketi ya ndege: katika fadhila hii, ni sehemu gani itakayotozwa kodi, na ni nani atakayeilipa?

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, katika kifungu cha 117, huigawa skolashipu mafungu mawili. Karo, ada za lazima, vitabu na vifaa vya darasani, kwa mtu anayesomea shahada, havitozwi kitu. Ama chakula, kitanda cha bwenini, nauli na masurufu, hivyo huhesabiwa kuwa pato, ijapokuwa mwanafunzi hakushika senti mkononi bali alikula tu katika ukumbi wa chuo. Haikuwa hivyo tangu zamani. Mkimbiaji wa Kenya Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81, alisoma katika zama ambazo mwanafunzi wa shahada alisamehewa hata kodi ya chakula na malazi; mageuzi ya sheria ya mwaka 1986 ndiyo yaliyoupunguza msamaha huo.

Mmarekani mwenyewe haelemewi sana, kwa kuwa sheria humwachia maelfu ya dola za awali bila kodi. Walakini mgeni mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, katika miaka yake mitano ya kwanza, huhesabiwa kuwa si mkazi, na nafuu hiyo haimfikii. Hutozwa tangu dola ya kwanza. Chuo nacho kimewajibishwa kukata asilimia 14 ya sehemu itozwayo. Tuseme malazi, chakula na masurufu yake vina thamani ya dola 10,000 kwa mwaka: chuo kitapeleka serikalini dola 1,400, na madhali chakula hakikatiki kama mshahara ukatwavyo, mara nyingi fedha hizo huandikwa kuwa deni la mwanafunzi. Kodi yenyewe, iwapo hana pato jingine, ni asilimia 10, yaani dola 1,000. Zile 400 zilizozidi ni haki yake, lakini hurejeshewa yule tu ajazaye fomu 1040-NR. Na hizo, kwa mzazi auzaye ndizi sokoni, ni shilingi zaidi ya 50,000.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwanafunzi atokaye China huondolewa kodi ya skolashipu kwa mkataba wa kodi wa mwaka 1984 kati ya nchi yake na Marekani, na yule wa India, kwa mkataba wa mwaka 1989, hupata nafuu ile ile apatayo Mmarekani. Ilhali Kenya, iliyokwisha kufunga mikataba ya namna hiyo na Uingereza, Ujerumani, Kanada na India, haina mkataba na Marekani. Serikali iwapokeayo wanariadha wetu kwa bendera na maziwa ya mursik uwanjani pa ndege ingewatumikia zaidi kwa kuketi mezani na Washington juu ya jambo hili.

Wala si chakula na malazi peke yake: tuzo za masomo ambazo Mahakama ya Juu ya Marekani iliviruhusu vyuo mwaka 2021 kuwapa wanariadha, hadi dola 5,980 kwa mwaka, nazo hazisalimiki na kodi zipitapo gharama za masomo zenyewe.

Kabla ya kutia sahihi, basi, mzazi amtake kocha aeleze kwa maandishi kodi ya chakula na malazi itabebwa na nani, na itadaiwa lini. Na kijana aliyekwisha kukaa huko mwaka mmoja au miwili bila kujaza fomu hajachelewa: sheria humpa miaka mitatu ya kudai alichokatwa zaidi, maadamu ameihifadhi karatasi ya 1042-S, ionyeshayo kodi aliyokatwa, ambayo chuo hupaswa kumpa kufikia tarehe 15 Machi.