Je, Wajua? Dubu wa Shishkin Walichorwa na Mwingine

Dubu mashuhuri kuliko wote katika sanaa ya Urusi hawakuchorwa na mtu anayesifiwa kwa picha yao. Ivan Shishkin alichora msitu wa “Asubuhi katika Msitu wa Misonobari” mwaka 1889. Dubu wanne, mama na watoto watatu, ni kazi ya rafiki yake Konstantin Savitsky. Wote wawili walitia saini. Pavel Tretyakov, tajiri wa Moscow aliyeinunua picha hiyo, akaifuta saini ya Savitsky.

• Dubu hao wamefika hadi madukani. Warusi huwaona kwenye karatasi za chokoleti ziitwazo Mishka Kosolapy.

• Mwaka 1891 Shishkin alichora mvua ndani ya msitu wa mialoni. Watu wawili wanatembea kwenye tope chini ya mwavuli mmoja. Miti ya mbele inaonekana wazi. Ya nyuma inamezwa na ukungu.

• Picha yake kubwa ya mwisho, ya mwaka 1898, ina upana wa zaidi ya mita mbili na nusu. Inaonyesha misonobari iliyonyooka, ya aina iliyofaa kwa milingoti ya meli. Msitu huo uko karibu na Yelabuga, mji aliozaliwa. Mnunuzi alikuwa Mfalme Nikolai wa Pili.

• Mwaka huohuo, mwezi Machi, Shishkin alifariki St Petersburg akiwa na umri wa miaka 66. Alikuwa kazini, mbele ya picha nyingine ya msitu aliyoianza.