Tovuti mpya na Google: kwa nini haionekani, na kwa nini usimlipe anayeahidi "namba moja"

Chukulia kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa Musoma. Wamechanga fedha, wamemlipa fundi, wamepata tovuti yao. Wiki inayofuata mwenyekiti anaandika kwenye Google "dagaa wa Musoma". Kikundi chake hakipo ukurasa wa kwanza, hakipo wa pili, hakipo hata wa tano. Kabla hajajua afanye nini, simu inaita: "Mama, tumeona tovuti yenu haionekani. Mkilipa leo, ndani ya wiki moja tunawaweka namba moja Google."

Huo ni mfano tu, lakini simu za namna hiyo zipo, na fedha inayoombwa huwa ni fedha ya mtaji. Jibu letu fupi ni hili: usilipe. Google wenyewe wameandika katika mwongozo wao kwa wenye tovuti kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba wao hawapokei malipo ili waipandishe tovuti katika matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba ni matangazo. Siku fedha ya tangazo ikiisha, tangazo linaondoka.

Jibu refu linahitaji kuelewa tovuti mpya inapita wapi hadi kuonekana.

Hatua tatu: kutembelewa, kuandikwa, kupangwa

Wengi hudhani ukiandika neno kwenye Google, inazunguka mtandao mzima papo hapo kukutafutia. Haifanyi hivyo. Inatafuta ndani ya daftari lake kubwa iliyokwisha kuliandaa, linaloitwa faharasa. Kama tovuti yako haimo katika daftari hilo, haiwezi kutokea hata uandike nini.

Hatua ya kwanza ni kutembelewa. Google ina programu iitwayo Googlebot ambayo hupita kwenye kurasa za mtandao usiku na mchana. Inatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata linki, kama mgeni anayefuata njia za miguu kutoka mji hadi mji. Mji usio na njia anaweza kuupita bila kujua kwamba watu wanaishi pale. Tovuti mpya ambayo hakuna aliyeitaja ni mji usio na njia. Hata ukiwaarifu Google kwamba ipo, wao wanasema kutembelewa kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Hatua ya pili ni kuandikwa. Programu ikishausoma ukurasa, Google huamua kama utaingia kwenye daftari. Si kila ukurasa unaosomwa huingia. Ukurasa mtupu, au ulionakiliwa kutoka tovuti nyingine neno kwa neno, unaweza kuachwa.

Hatua ya tatu ni kupangwa. Mtu anapoandika swali, Google hulinganisha kurasa zilizomo kwenye daftari na kuamua upi utangulie. Inaangalia mambo mengi: kama maneno ya ukurasa yanahusiana na swali, kama maelezo yanamsaidia mtu, lugha anayotumia, mahali alipo, kama ukurasa unafunguka vizuri kwenye simu, na kama tovuti nyingine zinautaja.

Linki ni kama udhamini

Hilo la mwisho ndilo linaloichelewesha zaidi tovuti changa. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lao lilikuwa kwamba tovuti moja ikiweka linki ya kwenda nyingine, ni kama imeidhamini, na udhamini wa tovuti inayoheshimika una uzito kuliko wa tovuti isiyojulikana. Leo Google hutumia vigezo vingine vingi, lakini linki bado ni mojawapo.

Tunalijua jambo hili hata bila intaneti. Mtu anayetaka fundi wa mitumbwi pale mwalo wa Mwigobero hamchukui wa kwanza kukutana naye. Anauliza. Wavuvi watatu wanaoaminika wakitaja jina lilelile, anakwenda huko. Fundi aliyehamia jana anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini bado hana wa kumtaja.

Ndiyo maana kazi ya kuipandisha tovuti haimalizwi kwa wiki moja. Wataalamu wa Google wamewahi kueleza kwamba mara nyingi huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja tangu marekebisho yaanze hadi faida ionekane.

Pale ambapo mdogo anaweza kumshinda mkubwa

Hata hivyo tovuti ndogo ya Mara ina nafasi yake. Mtu wa Bunda mwenye nyumba ya wageni akitaka kuonekana kwa maneno "safari Serengeti", anashindana na kampuni kubwa za utalii za Arusha na za nje ya nchi, zilizokuwa mtandaoni miaka mingi. Hapo atasubiri sana. Lakini akiwa na ukurasa unaoeleza vizuri "nyumba ya wageni karibu na geti la Ndabaka, barabara ya Mwanza–Musoma", wanaoshindana naye ni wachache, na anayetafuta maneno hayo yuko njiani kweli na anataka kitanda.

Butiama ni hivyo hivyo. Wageni huja kuona kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake. Mama lishe au mwenye gari la kukodi akiandika kwa Kiswahili cha wazi yuko umbali gani kutoka makumbusho, anafungua saa ngapi na bei zake ni zipi, anajibu swali ambalo tovuti kubwa hazina habari nalo.

Kikundi chetu cha dagaa nacho kisiandike "tunauza bidhaa bora" na kuishia hapo. Kiandike dagaa wanakaushwaje, kwenye vichanja au mchangani, gunia lina kilo ngapi, bei ya jumla ikoje, na mzigo unasafirishwaje kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Mnunuzi anauliza hayo, kwa hiyo ndiyo anayoyaandika kwenye Google.

Mambo ya kufanya bila kulipa

Kwanza, hakikisha kama tovuti imeandikwa kwenye daftari. Kwenye Google andika neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, imo. Isipotokea hata moja, huenda bado haijaingia.

Pili, mwambie fundi aiunganishe na Search Console, huduma ya bure ya Google. Humo unaweza kuomba ukurasa utembelewe na kuona watu wanaandika maneno gani hadi wanakufikia.

Tatu, kama una duka, ofisi au eneo la kupokea wateja, fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google. Ni bure, na ndio unaoifanya biashara itokee kwenye ramani ikiwa na namba ya simu. Google itataka kuthibitisha kwamba biashara ni yako. Kwa biashara ya mtaani, ramani mara nyingi humleta mteja kabla ya tovuti.

Nne, tafuta wadhamini wa kweli. Kama kikundi kiko chini ya chama cha ushirika, kinapata msaada wa shirika, au kinauza kwenye hoteli yenye tovuti, omba wakutaje na waweke linki.

Tano, punguza uzito wa picha. Ukurasa unaokula bando na kuchelewa kufunguka hufungwa kabla haujasomwa.

Ahadi za kukataa

Anayekuahidi "linki elfu moja" kwa bei nafuu anakuuzia matatizo. Kununua linki ili kupanda ni kinyume cha kanuni za Google, na tangu mwaka 2012 mfumo wao umekuwa na njia za kuzibaini linki za namna hiyo. Tovuti inaweza kushushwa, au linki zote zisihesabiwe na fedha yako ikapotea.

Vivyo hivyo anayesema arudie neno "dagaa" mara mia kwenye ukurasa, au ayafiche maneno kwa rangi ya karatasi. Hizo ni mbinu za kizamani zinazoadhibiwa.

Kuna ujanja mmoja unaowanasa wengi. Mtu anakuonyesha simu yake: ameandika jina kamili la kikundi chako na kweli kimetokea cha kwanza. Hilo halithibitishi kazi yoyote. Jina lako hana mtu mwingine, kwa hiyo tovuti ikishaingia kwenye daftari kwa kawaida itatokea juu. Mwambie aandike maneno ambayo mteja asiyekujua angeandika, kwa mfano "dagaa bei ya jumla Musoma". Tena ajaribu kwenye simu ya mtu mwingine, kwa kuwa matokeo hubadilika kulingana na mahali mtu alipo na aliyowahi kutafuta.

La mwisho ni umiliki. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi. Search Console na Wasifu wa Biashara vifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, na nywila wazijue viongozi wasiopungua wawili. Mkigombana na fundi, au akihamia mji mwingine, tovuti ibaki yenu.

Fundi mwaminifu yupo, na kumlipa kwa kazi inayoonekana si kosa. Kabla ya kumpa fedha mwulize maswali matatu: utafanya nini hasa, tutaipimaje kazi yako, na akaunti zitakuwa kwa jina la nani? Mwenye kazi atajibu kwa utulivu, na atakwambia msubiri miezi. Akikuharakisha ulipe leo kwa sababu "ofa inaisha jioni", kata simu. Ukiona ni utapeli, iripoti namba yake TCRA kupitia 15040.