Ugonjwa wa Matumbo ya Kuku wa Nyama na Chakula Chao

Kuku wa nyama wa wiki tatu hukutwa amekufa alfajiri, hali jioni alikula sawa na wenzake. Akipasuliwa, utumbo mwembamba huonekana umejaa hewa, na ngozi yake ya ndani imekwaruzika mfano wa taulo chafu.

Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens. Chenyewe si mgeni, kwani hukaa matumboni mwa kuku wazima bila kudhuru, mpaka kipate nafasi ya kuzaana upesi na kutoa sumu. Nafasi hiyo hufunguliwa na ugonjwa wa kuhara damu, ambao hujeruhi utumbo. Hufunguliwa pia na chakula: ngano au shayiri nyingi hufanya uji mzito tumboni, na unga wa samaki ukizidi huacha protini isiyomeng'enywa, ambayo ni karamu kwa kijidudu hicho.

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya walitia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha kila siku. Swideni ilikataza desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2006, kwa kuhofia vijidudu vinavyozoea dawa. Waswidi hawakutegemea unga mmoja wa ajabu. Walipunguza protini, wakatia vimeng'enya vya kuvunja uji wa ngano, wakaendelea kuzuia kuhara damu, na wakatunza usafi wa mabanda.

Viongezo viuzwavyo leo ni vingi. Bakteria wema, kama Bacillus subtilis, hushindana na adui. Asidi ya butiriki hulisha ngozi ya utumbo. Maganda ya chembe za hamira hunasa zaidi vijidudu vya aina nyingine, kama Salmonella, jambo ambalo muuzaji huenda asilitaje. Vyote husaidia mara nyingine, na mara nyingine havisaidii.

Basi mfugaji wa Kiambu achanganyaye mahindi na omena hana haja kubwa ya vimeng'enya vya ngano. Fedha hizo zamfaa zaidi kwa maranda makavu na kinga ya kuhara damu. Omena ipimwe kwa mizani, si kwa kiganja. Na vifo vikianza, mzoga mmoja upelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, kwa maana utumbo huoza upesi na alama za ugonjwa hupotea.