Je, Wajua? Plagi Sita za Datsun Z

Je, wajua kwamba injini ya petroli ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, plagi moja hupiga cheche 50 kila sekunde? Katika injini ya mipigo minne kila plagi huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Umeme wenyewe unaanzia kwenye betri ya volti 12, kisha koili inaukuza hadi upite volti 15,000. Volti zikipungua mno cheche hairuki, na gari linaanza kumisi.

Je, wajua kwamba Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, lilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mara mbili? Mwaka 1971 lilikuwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 lilikuwa la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Ile ya 1973 ilikuwa ngumu kuamua: Mehta alimaliza sawasawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta alikuja kushinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Injini ya 240Z ni ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Plagi zake zote ziko upande mmoja, wazi kabisa, mkono unazifikia bila kufungua kitu kingine. Mafundi wa leo wanaohangaika na injini zilizofunikwa plastiki wangeipenda.

Je, wajua kwamba jina la plagi ni maelezo kamili, na kila herufi ina kazi yake? Chukua NGK BP6ES, inayoelewana na injini hii. B ni uzi wa milimita 14. P ni kauri iliyochomoza mbele. 6 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa uzi, milimita 19. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ukiona R katikati, BPR6ES, ina kizuizi kinachopunguza mikwaruzo kwenye redio.

Herufi moja tu ikibadilika, mambo yanaharibika. BP6HS ina uzi wa milimita 12.7. Itaingia vizuri, itakaza vizuri, na gari litawaka. Lakini ncha yake itakuwa imejificha ndani ya tundu, cheche inapigia pembeni badala ya katikati ya chemba ya mwako, na nyuzi zilizobaki wazi zinajaa masizi. Siku ukirudisha plagi ndefu, haipiti. Plagi ya uzi mrefu kwenye injini ya uzi mfupi ni hatari zaidi, kwa sababu pistoni inaweza kuigonga. Kwa hiyo dukani usiseme tu “nipe plagi ya Datsun.” Taja herufi zote.

Je, wajua kwamba “plagi ya moto” haitoi cheche ya moto zaidi? Jina hilo linahusu jinsi plagi inavyoachia joto. Yenye pua ndefu ya kauri hukaa na joto, yenye pua fupi hulipeleka haraka kwenye silinda hedi. Ncha inatakiwa iwe kati ya nyuzi 450 na 870 za Selsiasi hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui. Juu ya hapo petroli inawaka kabla ya cheche kufika, na pistoni zinatoboka.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: kwa NGK na Denso, nambari ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, nambari ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. NGK 6, Denso 20, Bosch 7 na Champion 9 zote zinakaribiana. Mtu akiwa na BP6ES, akaambiwa achukue Bosch “yenye nambari ileile,” amebadilisha kiwango cha joto bila kujua.

Je, wajua kwamba jina Champion lilikuwa jina la mtu? Albert Champion, Mfaransa, alishinda mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 1899, akahamia Marekani, akaingia kwenye biashara ya plagi. Hata plagi za AC zinabeba herufi za mwanzo za jina lake.

Je, wajua kwamba ile kauri nyeupe ya plagi na yakuti inayochimbwa Kalalani, wilayani Korogwe, ni ndugu? Zote mbili kwa asili ni oksidi ya alumini. Yakuti ni fuwele lililopata rangi kwa vichafu vichache vya chuma na madini mengine. Kauri ni unga uleule uliochomwa hadi ukashikana. Ndiyo maana inavumilia joto na umeme mkubwa. Lakini inapasuka ikigongwa. Plagi ikikuponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, iweke pembeni hata kama huoni ufa. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuupitisha umeme njia ya mkato.

Je, wajua kwamba plagi haifunguliwi injini ikiwa ya moto? Silinda hedi ya 240Z ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukilazimisha ikiwa ya moto, uzi unakufa, na hapo unatafuta fundi wa kupiga uzi upya. Acha ipoe kabisa. Kisha, kwa aliyetoka Handeni na vumbi lake jekundu, kuna hatua isiyorukwa: puliza mashimo ya plagi kabla hujagusa spana. Pampu ya baiskeli inatosha. Punje zikidondokea ndani ya silinda zinakwangua kuta zake.

Waya zitoe moja moja, ukishika kofia yake, si waya wenyewe. Mfuatano wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na waya mbili zikibadilishana gari litatetemeka na kutema moto nyuma.

Pengo la cheche kwenye gari hili ni milimita 0.8 hadi 0.9. Pima kwa fila, hata kama boksi linasema tayari imepimwa. Kurekebisha, unapinda ule mkono wa pembeni tu. Usiuguse ule wa katikati.

Kuingiza plagi mpya, tafuta kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shibiri moja, ukichomeke kwenye kichwa cha plagi na kuizungusha kwa huo mpira. Uzi ukikosea njia, mpira unateleza badala ya kulazimisha. Nimeona spana ikifanya kwa sekunde mbili uharibifu ambao mpira huu usingeuruhusu. Ikishafika mwisho kwa vidole, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya yenye washa, au Nm 25 hadi 30 kama una spana ya toki. Plagi iliyokwisha kutumika, washa yake imeshabonyea, inahitaji kiasi kidogo sana. Grisi kwenye uzi iache: inakufanya ukaze kupita kiasi bila kuhisi.

Je, wajua kwamba plagi za iridiamu zina chuma kizito kuliko dhahabu? Wachimbaji wa Handeni wanajua uzito wa dhahabu mkononi. Iridiamu inaizidi, na huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,400. Inadumu sana. Lakini kwa Datsun yenye kabureta, ambayo plagi zake zinachafuliwa na mafuta kabla hazijalika, ningenunua za kawaida na kuzibadilisha kila kilomita 20,000 hivi. Ila ziwe halisi. Kwenye ya bandia washa mara nyingi inachomoka kwa kidole, maandishi yamefifia, na ncha ya katikati imekaa upande.

Je, wajua kwamba plagi kuukuu ni shahidi? Kahawia hafifu, injini ina afya. Masizi makavu meusi, petroli imezidi. Nyeupe yenye vipele, inaungua: hewa imezidi au plagi ni ya moto mno. Vitabu vya zamani vinataja pia ukoko wa manjano, alama ya risasi iliyokuwa kwenye petroli. Huo hutauona tena: nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Masizi nayo yana siri yake. Panda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumimina petroli ileile. Gari lililokuwa safi Korogwe linafika Lushoto likiwa na plagi nyeusi, na kosa si la plagi.

Rafiki yangu alirithi 240Z kwa baba yake. Ilipoanza kumisi, alitaka kutupa zote sita. Fundi wa Korogwe, kijana mwenye shati la mikono iliyokatwa, akamzuia: “Bosi, usitupe. Zipange kwanza.” Akazilaza juu ya gunia, ya kwanza hadi ya sita, kwa mpangilio wa silinda zao. Tano zilikuwa kahawia. Ya nne ililowa, inang’aa, na ukiinusa ni oili.

Akazisafisha zote, kisha akaitia ile ya nne kwenye silinda ya pili, na ya pili kwenye ya nne. Tukaenda Handeni na kurudi, kilomita 65 za lami kila upande, tukasubiri injini ipoe chini ya mwembe. Alipofungua, plagi iliyohamia silinda ya pili ilikuwa kavu, kahawia. Iliyohamia ya nne ilikuwa inadondosha oili. Akaifuta kwa kitambaa, akaturudishia zote sita kwenye boksi lake, na kuomba spana ya kufungulia hedi.