Mfalme wa gemu amevaa nguo za nani?

Katika mabanda ya gemu ya Tandika, Mbagala na Mwananyamala, mpira ndio unaotawala. Hata hivyo, kwenye simu na kompyuta za vijana wa Dar es Salaam kuna gemu za aina nyingine: za falme za kubuni, zenye mazimwi, wachawi na mapanga yanayowaka moto. Watunzi wake husema falme hizo hazijawahi kuwepo popote. Lakini tazama mavazi ya wakubwa wa huko: kola za mikunjo zilizosimama shingoni, makoti marefu yaliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu, magauni yaliyotanuliwa kiunoni mpaka mwanamke anapita mlangoni kiubavu. Hayo ni mavazi ya makasri ya Ulaya ya karne ya 16 hadi ya 18. Kuazima si kosa, na watu wa pwani hii waliazima zamani kwa ustadi mkubwa. Kosa ni kufungua kabati moja tu kila siku, wakati makabati mengine yapo na yamejaa.

Sababu ya watunzi kukimbilia makasri ni rahisi kuielewa. Mchezaji anayeingia ukumbini anatakiwa ajue mara moja nani wa kumwinamia na nani wa kumwogopa, na hapana mavazi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama ya kifalme. Mwaka 1701 Hyacinthe Rigaud alimchora Louis XIV wa Ufaransa akiwa na joho la buluu lenye maua ya dhahabu, bitana yake manyoya meupe, na chini kabisa viatu vya visigino vyekundu. Visigino hivyo havikuwa pambo la bure: vilikuwa alama ya waliokubaliwa kuingia kwenye baraza ya mfalme. Uingereza nako, tangazo la Malkia Elizabeth I la mwaka 1574 lilitaja kwa vyeo nani aruhusiwe kuvaa hariri ya zambarau na nani akome. Mtunzi wa gemu anayakuta yote hayo yakiwa tayari. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 ina dola iitwayo Orlais, yenye sura ya Ufaransa, ambako makabaila huvaa vinyago na kosa la adabu barazani laweza kukugharimu. Hata nje ya makasri hali ni ile ile: Bloodborne ya mwaka 2015, iliyotungwa na Wajapani, imewavika wawindaji wake makoti na kofia za Uingereza ya Malkia Victoria.

Msomaji anaweza kusema hii ni kasumba: dunia nzima imefundishwa kuwa mfalme lazima afanane na Mzungu. Kuna ukweli ndani yake, lakini historia ya Dar es Salaam inatutaka tuwe waangalifu. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizaliwa pwani ya Kenya ngoma ya beni, ikaingia Tanganyika zama za Wajerumani, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza zaidi kwa miguu ya askari na wapagazi. Dar es Salaam ikagawanyika kati ya vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na gwaride, sare na ngazi ndefu ya vyeo, wa juu kabisa akiitwa Kingi au Kaiza, na wanawake nao wakiwa na vyeo vyao. Kuli aliyekuwa akiitwa boi wiki nzima alivaa gwanda siku ya ngoma, akapigiwa saluti. Huo ulikuwa ufalme wa kubuni, tena uliovishwa nguo za Ulaya.

Je, walikuwa wakiiga tu? Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Humo alionyesha kuwa vyama hivyo vilizika wafu, vilipokea wageni wa mjini na kuwashika mkono wanachama waliokwama. Cheo kilikuja na wajibu. Sare ya bwana ilichukuliwa, ikatiwa maana ambayo bwana hakuiweka. Ndiyo maana siwezi kuhukumu vazi kwa asili yake pekee: muhimu ni kazi linalofanya kwa aliyelivaa. Na hapa ndipo gemu nyingi zinaposhindwa na wana beni. Zinachukua koti la kabaila kwa uzuri wake, halafu zinasahau kuuliza nani alikatazwa kulivaa.

Swali hilo lina majibu mengi hapa kwetu. Katika ikulu ya Zanzibar, joho lenye tarizi ya dhahabu, jambia la mpini wa fedha na kilemba ambacho kitambaa na ufungaji wake vilitambulisha ukoo wa kisultani wa Al-Busaid vilitangaza cheo kabla mtu hajafungua mdomo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alieleza maisha ya ndani ya majumba hayo, mavazi yakiwemo, katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Lamu kuna siwa mbili, yaani baragumu za heshima, moja ya shaba na nyingine ya pembe ya ndovu kutoka Pate, zilizopulizwa katika shughuli za watawala. Mtunzi gani wa falme za kubuni hawezi kuota kwa vitu hivi?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ikulu hiyo ilisimama juu ya migongo ya watumwa, basi kuipamba ni kuwatukana. Nakubali, na ndiyo sababu hadithi yake isiishie kwenye joho. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki au merikani. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa walijitangazia uhuru kwa nguo: wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga za rangi. Gemu itakayomwanzisha mchezaji peku, kichwa wazi, na kumfanya aipiganie kofia yake, itakuwa na kisa kizito kuliko vinyago vya Orlais.

Njia imeshafunguliwa. Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa gemu ya Aurion, na mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, iliyojengwa juu ya simulizi za Kibantu. Mafundi wetu pia wapo. Matarumbeta yanayosindikiza harusi za Temeke juu ya gari ni ndugu wa beni, na mafundi cherehani wa Kinondoni wanajua vizuri namna nguo inavyomtofautisha bibi harusi, mpambe na kamati. Vijana wanaojifunza kutunga gemu Dar es Salaam wawaendee hao kwanza, wapite na Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, ndipo wamchoree mfalme wao nguo. Wakitaka kumtia visigino vyekundu, wamtie; lakini wawe wameyafungua makabati yote.